Ndizi Zitamenywa Wapi?

Pita nyuma ya nyumba mpya za Kitendaguro, zile zenye bati la rangi na madirisha ya aluminiamu, utakuta nyingi zina majiko mawili. La kwanza limo ndani, limepigwa marumaru mpaka usawa wa linta, lina sinki linalong'aa na makabati ya kuning'inia. La pili liko uani: nguzo nne za mkaratusi, bati kuukuu juu, ukuta wa mabanzi ulioshika masizi tangu wiki ya kwanza. Chakula hupikwa kwenye la pili. Lile la kwanza huoshewa vikombe vya wageni, na asubuhi mvua ikizidi huchemshiwa chai.

Mambo haya yako Tanzania nzima, lakini Bukoba yana uzito wake, kwa sababu hapa chakula huingia jikoni kikiwa bado ni mmea. Ukiuliza kwa nini jiko la ndani linakaa bure, utaambiwa ni mazoea. Mama zetu wamezoea kuni, hawataki mambo mapya. Mimi nimeacha kuliamini jibu hilo. Mama hao hao wanatuma pesa kwa simu na wanajua bei ya mtungi wa gesi kuliko mimi. Jiko la ndani linakimbiwa kwa sababu aliyelichora hakuuliza ndizi zitamenywa wapi.

Kitendaguro ni moja ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba. Una bili ya maji na ya umeme kama mtu yeyote wa mjini, na bado ukitoka mlango wa nyuma, hatua chache tu, umeshaingia kibanjani, katikati ya migomba, mibuni na maharage. Kila kizazi kibanja hukatwa vipande vidogo zaidi, na kipande kikiwa kidogo ramani ya nyumba nayo hubanwa. Sebule haiguswi. Chumba cha wazazi hakiguswi. Kinachopunguzwa kwanza ni jiko. Mtu atakuonyesha sebule ya futi 15 kwa 16, kisha jiko la futi 8 kwa 10, na humo atataka friji, jiko la gesi la plate nne, kaunta pande zote na mlango wa stoo.

Futi 8 kwa 10 ndizo nilizo nazo mimi pia, yaani mita 2.4 kwa 3, kwenye nyumba ambayo kuta zake sasa zimefika usawa wa madirisha. Nafasi hiyo si ndogo kama inavyosikika. Jiko dogo mashuhuri kuliko yote duniani lilikuwa dogo kuliko langu.

Lilichorwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Vienna, kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi zilizokuwa zikijengwa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alijifunza kutoka kwenye majiko ya mabehewa ya treni, ambako watu wachache hulisha abiria wengi bila nafasi ya kugeuka, akapima hatua na muda wa mpishi kama wanavyopimwa watu wa kiwandani. Kila kitu kikawa karibu na mkono: vidroo vya mchele na unga, ubao wa kukunja, taa inayosogezwa darini, na chini ya ubao wa kukatia, droo ya kupokea maganda. Majiko ya aina hiyo yalijengwa kama 10,000, na kaunta zote tunazoziona kwenye simu zetu ni wajukuu zake. Baadaye mama huyo alisema wazi kwamba alipokuwa akilichora hakuwa amewahi kuendesha nyumba wala kupika. Hilo halinishangazi hata kidogo. Kinachonishangaza ni kwamba aliweka kiti. Chini ya dirisha, mbele ya ubao wa kukatia, palikuwa na kigoda cha kuzunguka ili mwanamke afanye kazi ameketi. Waliomuiga wamechukua makabati, kiti wamekiacha.

Aliyekuwa bosi wake katika mradi ule, Ernst May, mwaka 1934 alikuja Tanganyika, akalima upande wa Arusha, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Alichora upanuzi wa mji wa Kampala na jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, pale Moshi. Mwaka 1945 alijaribu hata nyumba ya bei nafuu ya vipande vya zege vilivyopinda, ukuta ukipanda na kugeuka paa kama msonge. Alikaa Afrika Mashariki karibu miaka 20 kabla ya kurudi kwao. Nikipita Moshi hutazama lile jengo na kuwaza: tajiri wa jiko la Frankfurt alikaa nchi za wamenya ndizi, akapeleka mkono wake kwenye mashirika ya kahawa, kwenye hoteli na kwenye mipango ya miji, na jiko letu likabaki kwa mafundi.

Mafundi wetu wanafuata kanuni nyingine, hata wasipoijua kwa jina. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walisema jiko zuri ni pembetatu: sinki, moto na friji. Kila upande wa pembetatu uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla ya pande tatu isizidi mita 8 hivi. Kanuni nzuri, na jiko langu linaitimiza bila taabu. Ila ina dhana moja ndani yake, kwamba chakula hutoka kwenye friji.

Mkungu wa ndizi hautoki kwenye friji. Mkungu mzuri wa kibanja kilichotunzwa una kilo 20, 30, wakati mwingine zaidi, nao huingia begani mwa mtu, mlango wa nyuma, ukidondosha maji na utomvu. Hauwekwi juu ya kaunta ya marumaru. Hauingii kabatini. Unataka kona yenye ubaridi, mbali na moto usije ukaiva kabla ya siku yake, na sakafu isiyoogopa utomvu, maana utomvu ukikauka kwenye saruji nyeupe utauona mpaka siku unapohama.

Shangazi yangu alikuja kuona kazi siku kuta zilipofika usawa wa madirisha. Hakuuliza dirisha litakuwa la aina gani. Alisimama katikati ya chumba akanyoosha mikono kushoto na kulia, kama anayepima kitambaa.

“Mwanangu, hapa ndizi nitazimenyea wapi?”

“Juu ya kaunta, mama,” fundi akamjibu kwa heshima.

Shangazi alicheka mpaka akatafuta tofali la kukalia. Kisha, kwa kuwa amekwisha kukaa, akatuonyesha. Kigoda hapa, kifupi, magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga. Jani la mgomba limetandikwa mbele. Chane kulia, sufuria la maji kushoto. Kisu chake hakina ncha na mpini umefungwa kitambaa. Anakata ncha ya ndizi, anapitisha kisu mara moja kutoka juu hadi chini, kidole gumba kinaingia chini ya ganda na ganda linafunguka lote. Ndizi inaangukia majini kabla haijapata muda wa kuwa nyeusi, na ganda linaangukia kwenye jani. Mikono ameipaka mafuta kabla ya kuanza, la sivyo utomvu ungeing'ang'ania siku mbili. Hatazami anachokifanya. Anatazama anayeongea naye. Kwa familia ya watu sita hiyo ni kazi ya nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo habari za nani anaoa, nani amelazwa na nani anauza kiwanja zinapita.

Mweke mtu huyo mbele ya kaunta ya sentimita 90. Atasimama nusu saa, uso ukutani, maganda yakimjaa kwenye sinki. Siku ya pili atabeba kigoda chake atoke nje, na wewe utasema ni mazoea.

Maganda yenyewe si jambo dogo. Zaidi ya theluthi ya uzito wa ndizi mbichi ni ganda. Ukimenya kilo kumi umepata kilo tatu na zaidi za kubeba nje, mvua au jua. Kwenye nyumba yenye ng'ombe au mbuzi yanakwenda bandani, kwingine yanarudishwa shinani mwa mgomba yawe mbolea. Kwa hiyo kwenye ramani ya jiko la Kitendaguro ningechora kwanza mstari mmoja, kutoka kibanjani kuingia na kutoka jikoni kurudi kibanjani, kabla ya kuchora pembetatu yoyote. Mstari huo ukikatiza sebule, jiko limeshakufa. Nimeona nyumba ambamo mkungu hupitishwa mbele ya televisheni.

Hapo mlangoni, kwa nje, ninaweka pia misumari miwili ya kutundikia panga la kibanjani. Tangu mnyauko wa migomba uingie Kagera katikati ya miaka ya 2000, wataalamu wa kilimo wanasisitiza panga lipitishwe motoni au kwenye dawa ya kuulia vijidudu kabla ya kuhamia shina jingine, na mabaki kutoka shamba lenye ugonjwa yasiletwe kwenye shamba zima. Moto uko jikoni, panga liko kibanjani, basi vikutane mlangoni. Kisu cha kumenyea kibaki ndani. Na ndizi ya kununua sokoni, usiyojua imetoka kwa nani, maganda yake yaende shimoni au kwa mbuzi, yasiende shinani.

Sasa umbo la jiko. Ukiwa na mita 2.4 kwa 3 mafundi watakupa machaguo: kaunta ya mstari mmoja, mistari miwili inayotazamana, herufi L, au U. Wengi wanapenda U, kwa kuwa inaonekana imejaa na picha yake ni nzuri. Lakini hebu piga hesabu. Kaunta ina kina cha sentimita 60. Ukiweka kaunta kushoto na kulia kwenye upana wa mita 2.4, katikati inabaki mita 1.2. Mpishi mmoja aliyesimama anatosha. Mtu aliyeketi na jani lake, sufuria lake na chane zake anahitaji duara lisilopungua mita 1.2, maana yake akikaa hakuna anayepita, na mtoto aliyetumwa chumvi atamruka. U ni jiko la mtu mmoja. Mistari miwili inayotazamana ina kasoro hiyo hiyo.

Mimi nimechagua L. Mkono mrefu unakaa kwenye ukuta wa mita 3, na humo vinapangwa sinki na sehemu ya kukatia. Mkono mfupi, mita 1.2 tu, unabeba moto. Sakafu inabaki mita 1.8 kwa 3, ukiondoa kipande cha mkono mfupi. Watu wawili wanakaa wakimenya na wa tatu anapita kwenda motoni bila kuomba radhi. Kona ya pili, karibu na mlango wa nyuma, imebaki tupu kwa makusudi, ina sakafu ya zege iliyolainishwa isiyo na marumaru, iliyoinamia nje ili maji yatoke. Hiyo ni kona ya mkungu. Friji nimeipeleka karibu na mlango wa sebule, kwa kuwa wanaoifungua mara nyingi ni watoto na wageni wa maji baridi, na sitaki wakatize kwenye kisu na moto.

Kuhusu vimo nitakuwa mkaidi. Kaunta ya sentimita 90 imekuwa kama sheria, hata kwenye nyumba ambayo hakuna mtu mzima anayepita mita 1.6. Kipimo cha kweli ni kiwiko cha anayepika: simama, kunja mkono, kisha shuka kama shubiri moja chini ya kiwiko. Hapo ndipo pa kukatia mboga. Moto lazima ushuke zaidi. Mtu anayesonga ugali anatumia uzito wa bega kushuka na mwiko; mnyanyulie sufuria juu ya jiko la gesi lililo juu ya kaunta ya sentimita 90 na mikono yake itakuwa usawa wa kifua, atasonga kwa viganja badala ya mgongo, na ugali utatoka na mabuja. Sufuria la ndizi na maharage la watu wengi nalo huinuliwa likiwa limejaa mchuzi wa moto. Meza ya moto yangu ina sentimita 62. Fundi aliipima mara mbili akidhani nimekosea kusoma.

Moto wenyewe una habari ndefu.

Wanaosema jiko la uani ni urithi wa mababu wanasahau msonge. Nyumba ya Mhaya ya zamani, ile ya nyasi kutoka kilele hadi ardhini, ilikuwa na moto ndani, sakafu imetandikwa nyasi, na moshi ulipanda taratibu ukachujwa na paa lenyewe. Moshi ule ulikuwa na kazi: ulikausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. Watu walilipa kwa macho na mapafu yao, lakini moto na watu vilikaa pamoja. Bati lilipochukua nafasi ya nyasi, moshi ukakosa pa kupitia, ukaanza kuzunguka chumbani na kuchafua dari, na jiko likatolewa nje. Jiko la uani ni mtoto wa bati. Ana umri mdogo kuliko tunavyodhani, na hakuna sababu ya kumpa heshima ya mzee.

Sina hamu ya kuurudisha moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, nyingi ikitokana na kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaokaa karibu na moto ni wanawake na watoto wadogo waliobebwa mgongoni. Serikali nayo imesema lake: mnamo Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mitungi inagawiwa, hotuba zinatolewa. Sijasikia hotuba inayosema mtungi huo ukifika nyumbani ukae wapi, na hapo ndipo vingi vinapokwama. Nimeona mtungi wa kilo 6 umefunikwa kitambaa cha kudarizi sebuleni.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, chini ya kaunta, ndani ya kabati, na mtu aliyeketi kwenye kigoda ndiye wa kwanza kuwa katikati yake. Kwa hiyo mtungi wangu unakaa nje, kwenye kijumba cha nondo chenye kufuli na paa, na bomba lake linapita ukutani. Ndani nimeacha matundu mawili ya hewa karibu na sakafu, yenye wavu wa kuzuia panya, pamoja na mengine juu karibu na dari kwa ajili ya mvuke. Mafundi wengi huacha ya juu tu. Meza ya moto haikai chini ya dirisha, maana upepo wa ziwa huzima gesi ukiwa umegeuza mgongo. Dirisha ni la sinki.

Hata hivyo gesi haitamaliza kila kitu, na ningekuwa mnafiki kuchora kana kwamba itamaliza. Maharage ndiyo yanayowarudisha watu kwenye kuni. Hakuna anayependa kuona saa mbili au tatu za gesi zikienda kwenye sufuria moja. Presha ya umeme huyaivisha kwa saa moja hivi, nayo inataka soketi iliyo mbali na maji na kimo ambacho mtoto hafiki. Nimeipa mwisho wa mkono mrefu. Siku umeme ukikatika au mtungi ukiisha, na kwa misiba na sherehe, kuna jiko la mkaa. Hilo mahali pake ni kibarazani.

Kibaraza cha nyuma ndicho nilichotaka kukiandikia tangu mwanzo. Kwenye ramani za kununua kinachorwa kama kijistari, futi 3 au 4, pa kuanikia kandambili. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma, na mara nyingi hutokea ziwani alfajiri na asubuhi, ikiwa na upepo. Kibaraza cha futi 4 kinalowa mpaka ukutani. Ukikipa futi 8, na ukakielekeza upande usiotazama ziwa, umepata chumba ambacho hukukilipia kuta: wamenya ndizi wanakaa hapo, jiko la mkaa linakaa ncha ya mbali ili moshi uende zake, kichanja cha vyombo kinapata jua la mchana. Mlango wa kutoka jikoni uwe mpana, futi 3 kamili, ili mtu aliyebeba mkungu asiukwangue. Kizingiti kisiwepo kabisa. Anayebeba sufuria la moto haoni miguu yake.

Mvua hiyo hiyo ni maji. Paa la mita 80 za mraba, kwa milimita 2,000, linapokea lita 160,000 kwa mwaka. Hata nusu yake ikipotea kwa kumwagika na kwa kukosa pa kuiweka, bado ni maji mengi kuliko jiko lolote litakavyotumia. Tenki nimelipanga kwenye ukuta ule ule wa sinki na wa bafu, mabomba yote ukuta mmoja, maji machafu njia moja. Hapo nilikubaliana na fundi bila mjadala, kwa sababu ukuta mmoja wa mabomba ni rahisi kuliko miwili.

Tulichobishania ni makabati ya juu. Nimeyaondoa yote. Sababu ya kwanza ni ya Septemba 10, 2016, mchana, tetemeko la 5.9 lilipopiga Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, Hamugembe ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana hapa mjini. Baada ya siku ile siwezi kukaa chini ya sahani nikijua zimeshikwa na skrubu mbili kwenye tofali la kuchoma. Vizito vikae chini, kwenye rafu za zege zenye pazia; juu pabaki vijiti vya kutundikia vikombe na ungo. Sababu ya pili ni pesa. Bei ya makabati ya juu peke yake, nilivyopigiwa hesabu na mseremala, inatosha kenchi na mabati ya kukiongezea kibaraza futi 4.

“Dada, siku ukitaka kupangisha, mpangaji anatazama makabati,” fundi akaniambia. Hoja yake ina uzito. Nyumba za mjini ni mali, na mali hupimwa kwa jicho la mgeni. Nimemjibu kwamba mpangaji wa Kitendaguro atapika ndizi kama mimi, lakini naona hakusadiki, na huenda anawajua wapangaji kuliko ninavyowajua.

Kuna wiki chache za mwaka ambazo jiko lolote hapa huwa dogo. Senene wakishuka, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, na mara nyingine tena baada ya mvua za masika, magunia yanaingia usiku na nyumba nzima inakaa chini kunyonyoa mabawa na miguu mpaka usingizi uwashinde. Kisha wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na harufu inakaa kwenye mapazia. Zamani mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa, akawakaanga, na kula wakala wanaume. Nadhani mwiko huo unaeleza mengi kuhusu ukubwa wa majiko yetu kuliko hesabu yoyote ya saruji: chumba cha anayehudumia hupewa futi zilizobaki. Ndiyo maana sishawishiki na jiko la wazi, lile lililounganishwa na sebule, ambalo vijana wanalitaka kwa kuwa limo kwenye picha. Linaweza kumrudisha mpishi kwenye mazungumzo, ni kweli, na hilo ni jambo jema. Ila baba mwenye nyumba atamtazama mkewe akipika kwa karibu zaidi, basi. Sijaona ukuta uliovunjwa ukamtia mtu kisu mkononi.

Swali gumu zaidi nimeulizwa na binti wa shangazi, ambaye anakaa Dar es Salaam. Huko, na Kampala pia, ndizi zinauzwa zimekwisha kumenywa, ziko kwenye mfuko, tayari kwa sufuria. Akaniuliza kwa nini naijenga nyumba nzima kuzunguka kazi ambayo miaka 15 ijayo itafanywa na mchuuzi. Shangazi atakuwa hayupo, kibanja kitakuwa kimekatwa tena, na kibaraza cha futi 8 kitakuwa gereji ya pikipiki. Anaweza kuwa sahihi. Sebule tunazozijenga leo zinasubiri wageni ambao tunawasalimia kwa simu, na hakuna anayetuuliza.

Nilichofanya ni kumwomba fundi aimwage linta kuzunguka kibaraza kizima, juu ya nguzo, badala ya kuikomea kwenye ukuta wa jiko. Anayekuja baadaye akitaka kukizungushia ukuta, atajaza tofali kati ya nguzo na atapata chumba cha futi 8 bila kugusa paa. Tumeacha pia kipande cha bomba ndani ya msingi, kimezibwa, pa sinki la pili. Fundi amekubali kiufundi. Amechora mstari kwa mkaa kwenye nguzo ya kona, akahesabu nondo za milimita 12 zitakazoongezeka, na amenitumia orodha kwenye simu na kuniuliza zinanunuliwa kesho au tunasubiri mwisho wa mwezi.